Ruhusa ya Kugonga Chuma

Temeke, Dar es Salaam
13 Januari 1974

Mdogo wangu Bernadeta,

Mpe mama shikamoo yangu kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma. Sie huku wazima. Wifi yako Mauwa mguu umepoa, anakwenda sokoni kwa miguu yake. Kazi ya bandarini inakwenda, mgongo ndio unanilalamikia.

Mwanao Filomena hajambo sana, kanenepa. Asubuhi anakwenda kujifunza cherehani kwa masista, mchana anashona sare za shule hapa uani. Kanishonea shati la kuvaa mkutanoni. Mfuko mmoja kaupachika juu kuliko mwenzake. Nimelivaa hivyohivyo, na mtu akicheka namwambia ndio mtindo wa mwaka huu. Usiwe na wasiwasi naye. Unajua kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba, na mie sijasahau.

Sasa nikupe habari za mtaa. Huu ni mwaka wangu wa tatu kuwa balozi wa nyumba kumi, na kichwa kinaniuma kwa jambo moja. Pale kwenye bomba la maji, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, tumetundika kipande cha reli. Moto ukiwaka au mwizi akionekana, mtu anakigonga kwa nyundo na watu wote wanatoka. Wanaume wanachukua ndoo, wanawake wanafungua milango ya majirani kutazama kama kuna aliyebaki ndani. Ni utaratibu mzuri. Ila mwezi wa Desemba peke yake kimegongwa mara kumi na moja, na mara moja tu ndiyo kulikuwa na hatari. Mara mtu anachoma takataka, mara walevi wanacheza. Zimamoto tumewaita bure mara tatu. Mara ya mwisho walikuta sufuria ya maharage imeungua. Mkubwa wao akaniambia, "Balozi, siku mtakayoungua kweli, gari letu litakuwa kwenye maharage ya mtu mwingine."

Hilo lingevumilika. Lakini siku ya pili baada ya Krismasi alikuja mgeni anaitwa Fransis, mchonga vinyago wa huko Newala, akawa anaulizia nyumba ya shemeji yake. Mtu akagonga chuma, "Mwizi!" Nilipofika walikwisha mvunja mkono. Mkono wa kuchongea, Bernadeta. Nilikwenda kumwona wodini, akageukia ukutani.

Kwa hiyo nimekaa nikaandika kanuni, na kamati ya mtaa imeipitisha. Chuma hakigongwi mpaka watu wazima wawili wawe wameona hatari kwa macho yao, na balozi au msaidizi wake awe ametoa ruhusa. Atakayegonga bila hivyo, na hatari isionekane, atachimba mtaro siku saba na kuomba radhi mkutanoni. Msaidizi wangu ni Aidarus mwenye duka, mtu makini. Sasa tutapumua.

Kaka yako,
Apolinari


Masasi, 9 Februari 1974

Kaka Apolinari,

Shikamoo. Mama anaitikia salamu zako, anasema umeandika mistari mingi kuhusu chuma na mmoja tu kuhusu mguu wa mkeo. Sie tumekwisha hamia kijiji kipya. Nyumba yetu bado haina mlango, nimetundika kanga. Mihogo ya kule tulikotoka nakwenda kuichimba mara mbili kwa wiki, mwendo wa asubuhi mpaka saa sita.

Barua yako niliisoma mara mbili. Ile habari ya Fransis iliniliza. Huku nako tuna jembe bovu tumelitundika kwenye nguzo, maana mpaka wa nchi uko karibu, na watu wana hofu, kila mlio wanadhani ni ndege za Wareno. Wiki iliyopita mtu kaligonga kwa sababu ya nyani. Mama mmoja alikimbia akaangukia kisiki. Basi nikaipeleka barua yako kwenye mkutano, nikaisoma kanuni yako mbele ya watu wote. Mwenyekiti akasema, "Kaka yako ana akili." Wameichukua kama ilivyo. Nilijisikia vizuri, siwezi kukuficha.

Mwambie Filomena aniandikie mwenyewe. Anajua kusoma kuliko sie wote, halafu hata mistari miwili hanitumii.

Mdogo wako,
Bernadeta


Temeke, 17 Machi 1974

Mdogo wangu Bernadeta,

Nimefurahi kwamba kanuni imefika huko. Mauwa anakusalimu. Pole kwa nyumba isiyo na mlango. Nikipata bawaba nitawapa watu wanaokuja huko.

Chuma kimetulia. Tangu Januari kimegongwa mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo imeniletea maneno ndani ya nyumba yangu.

Kuna mama mmoja mjane, Mwanaheri, mtu wa Kilwa, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anasuka mikeka. Zamani nyumba yake kule Kilwa iliungua na mumewe akiwa ndani, na tangu hapo moshi wowote unamtia kiwewe. Desemba aligonga mara nne yeye peke yake. Mwezi uliopita kaona moshi juu ya paa la jirani, kagonga bila kumwuliza mtu. Tukatoka mtaa mzima. Ilikuwa samaki wanabanikwa.

Ningefanya nini? Nikimwachia yeye, kesho kila mtu atataka aachiwe. Nikampa siku saba za mtaro. Siku ya kwanza narudi kazini nakuta watu wamesimama wanatazama. Nikatazama nami. Filomena yumo ndani ya mtaro, kakunja gauni, anachimba, na Bi Mwanaheri kakaa pembeni.

Nikamwambia, "Toka humo. Adhabu si yako."

"Nimemaliza kushona, mjomba. Nina nafasi."

"Unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Huyu ni sawa na bibi yangu. Bibi yangu mwenyewe yuko Masasi, huku nimempata huyu. Ningemwachaje?"

Alichimba siku zote saba. Jumapili Bi Mwanaheri akasimama mkutanoni akaomba radhi, ushungi umemteleza. Watu walicheka. Niliwanyamazisha, lakini walikwisha kucheka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Filomena akaniuliza, "Mjomba, na siku hatari akiiona mtu mmoja tu, na ni kweli?" Nikamwambia aende akapike.

Hajambo lakini. Ananiongelesha kwa adabu, tena adabu nyingi kuliko zamani, na hiyo ndiyo inaniudhi. Barua yake nimeambatisha hapa, sikuisoma.

Apolinari


Temeke, 2 Juni 1974

Mdogo wangu,

Telegramu natumaini imekufika. Sijui niseme nini zaidi ya maneno yale manne.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na nne Mei, mchana. Filomena aliamka na homa, hakwenda kwa masista. Alimeza kwinini akalala chumba cha nyuma. Mauwa alikwenda kwenye foleni ya unga, maana hapa unga umekuwa shida, watu wanapanga mstari tangu alfajiri. Mie nilikuwa kazini. Moto ulianza jikoni kwenye nyumba ya nyuma yetu. Mvua zilikuwa zimesimama wiki mbili, makuti yamekauka, na upepo ulikuwa unavuma kuja kwetu. Nyumba mbili zimekwisha, ya kwetu na ile.

Walimtoa. Alikuwa hajaungua sana usoni, nakuambia ili ujue. Moshi ndio uliomwua. Daktari anasema inawezekana hakuamka kabisa.

Tumemzika Jumamosi, padre alikuja, masista walikuja wote. Kumleta huko haikuwezekana, barabara bado imekatika kule Rufiji. Nisamehe kwa hilo.

Majirani walijitahidi sana. Ni mipango ya Mungu, Bernadeta. Tumefikia kwa Aidarus, katupa chumba.

Kaka yako,
Apolinari


Masasi, 20 Juni 1974

Kaka Apolinari,

Shikamoo.

Telegramu ilifika misheni tarehe moja Juni, ikakaa siku tatu kabla ya kupata mtu wa kuileta. Siku hizo tatu nilikuwa napura mtama na kuimba. Barua yako imefika jana.

Mama hajui. Nimemwambia Filomena kafa kwa homa. Mtu wa miaka themanini nimwambieje neno moto? Kwa hiyo ukimwandikia, andika homa.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Unanieleza foleni, unanieleza upepo, unanieleza makuti. Kaka, chuma kiligongwa? Uliniandikia mwenyewe kwamba ni hatua ishirini kutoka mlangoni kwako, na kwamba kikilia wanawake wanafungua milango ya majirani. Nani alifungua mlango wa mwanangu?

Sikuulizi kwa ubaya. Mchana namwona amelala, nasikiliza kama kuna kitu kinalia. Niambie kililia saa ngapi, nipate kunyamaza.

Barua yake uliyoniambatishia Machi ninayo. Hakuandika neno lolote juu ya mtaro. Kaandika anataka kunishonea gauni, nimpelekee kipimo cha kiuno. Nilikuwa sijampelekea.

Bernadeta


Temeke, 28 Julai 1974

Mdogo wangu Bernadeta,

Salamu kwa mama na watoto. Samahani kwa kukawia, zamu zimekuwa nyingi bandarini na tunajenga upya. Majirani wametusaidia kukandika udongo. Paa safari hii ni la mabati.

Msalaba wa kaburi nimeutengeneza mwenyewe kwa mninga, na jina lake limechongwa vizuri. Misa ya siku ya arobaini ilisomwa, watu walijaa mpaka nje. Nguo zake chache zilizopona, zilizokuwa zimeanikwa uani, nimempa Gregori, kijana wa Albano anayekaa hapa mtaani. Anakuja huko mwezi ujao, atakufikishia mkononi. Bawaba za mlango pia nimempa.

Mauwa hali chakula vizuri. Pole, mdogo wangu. Tuzidi kuombeana.

Apolinari


Masasi, 25 Agosti 1974

Kaka,

Shikamoo. Gregori kafika. Nguo nimezipokea. Mlango umefungwa.

Hukujibu nilichokuuliza. Nimejibiwa na Gregori, tena bila kumwuliza. Alikaa hapa barazani, akanywa uji, akasema, "Pole mama, na yule bibi kizee wamemfukuza, kwa hiyo angalau haki imetendeka." Nikasema, bibi gani? Akashangaa kwamba sijui.

Ananiambia Mwanaheri ndiye aliyeuona moshi wa kwanza. Alikuwa pale kwenye chuma, nyundo mkononi, kuna watu wawili wanasema wamemwona kwa mbali. Akaitua nyundo chini akaondoka. Gregori anasema mtaa mzima unajua alikuwa na kinyongo na wewe kwa sababu ya mtaro, akaamua kuiacha nyumba ya balozi iungue. Mwenye nyumba kamtolea mikeka yake nje.

Kaka Apolinari, huyu si ndiye Filomena alimchimbia? Siku saba? Mwanangu alimwita bibi yake!

Nimemlaani. Nilitoka nikaenda mpaka shambani nikamlaani kwa jina lake, nikiwa nimepiga magoti, mie ninayepokea komunyo kila Jumapili. Kwa nini ulinificha? Uliogopa nisije huko nikamkamata shingo? Mtafute popote alipo. Mwulize kwa niaba yangu mwanangu alimkosea nini. Nataka jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, uniandikie kama alivyosema.

Bernadeta


Temeke, 6 Oktoba 1974

Bernadeta,

Barua yako nimekaa nayo wiki nne. Nimeanza kuijibu mara nyingi, na kila mara nilianza kwa salamu, nikaona salamu ndizo zinazonipa mahali pa kujificha. Leo nakuandikia jambo lenyewe.

Ondoa laana yako kwa mama yule. Hakukosa lolote.

Siku ile nilirudi kutoka bandarini saa tisa alasiri. Mtu alinifuata getini, nikakimbia njia nzima. Filomena alikuwa amelazwa chini ya shuka kwenye ukumbi wa Aidarus, na Mauwa alikuwa kando yake. Nilipotoka nje nilimkuta Bi Mwanaheri kakaa kwenye zege la bomba, ameishika ile nyundo. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Nikamwendea. Nilitaka kumwuliza saa ngapi, kama unavyoniuliza wewe. Akaanza yeye.

Akasema, "Balozi, mlisema mashahidi wawili. Mie nilikuwa peke yangu."

Nikamwambia sielewi.

"Niliona moshi nyuma ya nyumba yako kabla ya saa saba. Nikaishika nyundo. Nikasema, Mwanaheri, utachekwa tena. Nikamtafuta wa pili. Nimebisha kwa Mama Hamdiya, yuko kwenye foleni. Nimebisha kwa Benedikto, yuko kazini. Nimebisha nyumba sita, balozi. Nikaenda dukani kuomba ruhusa, duka limefungwa kwa Ijumaa. Nikaenda msikitini. Walikuwa wameanza kuswali. Nikasimama nje pale kwenye viatu, naogopa kupiga kelele watu wanaswali na huenda tena ni samaki. Nikangoja watoe salamu. Aidarus kutoka tu nikamwambia, akakimbia, na mie nyuma yake. Kufika, paa linaanguka."

Halafu akaniuliza, "Nilifanya sawasawa na kanuni?"

Mpaka leo sijamjibu.

Aidarus anasema tangu Bi Mwanaheri aishike nyundo mpaka yeye Aidarus alipogonga chuma ilipita robo saa, au zaidi. Bi Mwanaheri alidhani Filomena yuko kwa masista. Aliposikia alikuwa ndani alianguka pale pale. Robo saa ile, Bernadeta, wanawake watatu waliokuwa nyumba za mbele wangefungua ule mlango. Haukuwa na kufuli.

Sasa lililobaki ndilo sikuweza kukuandikia. Siku ya tatu ya matanga, watu wamekaa kwenye mikeka, mmoja akasema Mwanaheri alinyamaza kwa kinyongo. Mwingine akaitikia. Nilikuwa nimekaa katikati yao. Ni mie na Aidarus tu tuliojua ukweli, na Aidarus aliniangalia akangoja niseme. Nikakohoa. Nikaomba maji. Mwezi wa sita mwenye nyumba wake akanijia, "Balozi, watu wananisema kwa kumweka yule mama. Nimtoe?" Nikamjibu, "Nyumba ni yako." Nilisimama dirishani nikamwona anajitwisha mikeka.

Niliogopa ukijua kanuni yangu ndiyo iliyomwua hutaniita kaka. Ndiyo sababu, sina nyingine. Mtoto wako alikuwa wangu kwa desturi yetu, nami nilimwekea masharti mtu ambaye angemwokoa.

Apolinari


Masasi, 30 Oktoba 1974

Apolinari,

Nimeisoma.

Nilikwenda shambani kwenye ile sehemu nilipopigia magoti, nikapiga tena. Sijui kama laana huwa inarudi ukiiita.

Kuna jambo nami nakuambia. Kanuni hiyo niliisoma mie kwa mdomo wangu hapa kijijini, nikapigiwa makofi. Wewe uliiandika, mie niliisifu, na Filomena peke yake ndiye aliyeuliza swali. Jumapili iliyopita nilisimama mkutanoni nikawaeleza yaliyotokea Temeke. Mwenyekiti akasema hapa hakuna nyumba zilizobanana hivyo, tungoje kikao kijacho. Nikamwambia sikai chini. Nilisimama mpaka wakaifuta. Jua lilikuwa kali na mama mmoja alikuja kusimama nami. Ni yule aliyeangukia kisiki.

Mama nimemwambia. Yote. Alikuwa anachambua kunde. Aliendelea kuchambua mpaka zikaisha, halafu akasema nimpeleke ndani alale. Hajakutaja jina tangu siku hiyo.

Wewe sikuombi kitu kwa ajili yangu. Nakuambia la kufanya. Itisha mkutano wa mtaa wote, mahali palepale alipoombea radhi yule mama. Uwaeleze kama ulivyonieleza, na habari ya "nyumba ni yako" usiiache. Kisha mtafute alipo, umpe jibu la swali lake. Ukimaliza niandikie. Usipofanya usiniandikie tena.

Bernadeta


Temeke, 1 Desemba 1974

Bernadeta,

Hukuniandikia shikamoo, na sikuitarajia. Nimefanya ulivyosema, ila nilianza na la pili.

Bi Mwanaheri yuko Mbagala kwa mtoto wa kaka yake, kwenye kibanda cha nyuma. Nilimkuta anasuka. Hakuniambia karibu, hakuniambia ondoka. Nikakaa chini. Nikamwambia, "Uliniuliza kama ulifanya sawasawa na kanuni. Ulifanya sawasawa. Kanuni ndiyo iliyokuwa mbaya, na ni mie niliyeiandika, na nilijua hivyo siku walipokusingizia."

Akasuka safu nzima. Akasema, "Nilijua kwamba unajua. Nilikuwa nangoja uje siku ile ile wananitolea vyombo. Nilikaa njiani mpaka alasiri, nikisema balozi atapita."

Nikamwomba arudi, mwenye nyumba yuko tayari. Akakataa. "Siwezi kuteka maji kwenye bomba lile." Nikamwomba basi aje mkutanoni tu. Akakataa pia, akasema waliomcheka wasimwone tena.

Mkutano ulikuwa Jumapili iliyopita. Nilisema kila kitu nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye robo saa, Benedikto akaniita, "Kaa chini, balozi, msiba umekuchanganya." Wengine wakasema ndiyo, apewe maji. Walikuwa wananifungulia mlango wa kutokea, Bernadeta, na walikuwa watu wema. Nikasema sitaki maji. Aidarus akainuka akasema, "Anayosema ni kweli. Mie nilikuwepo, nami nilinyamaza kwa kumheshimu." Kuna wanawake waliofunika nyuso kwa kanga.

Mwenyekiti wa kamati akasema tukumbuke kwa nini kanuni ilitungwa, tukumbuke Fransis. Fransis alikuwepo, siku hizi anakaa na shemeji yake. Mkono haukunyooka. Akasema taratibu, "Mie msinitumie. Mlionivunja mlinivunja wenyewe, hamkuvunjwa akili na chuma. Mngenishika mkanipeleka kwa mgambo, ningekuwa nachonga leo. Mkataze kupiga watu. Kugonga chuma mwacheni mtu agonge."

Basi ndivyo ilivyopita. Yeyote anayeona hatari agonge, hata peke yake. Aliyekosea kwa kuona vibaya haadhibiwi wala hachekwi. Anayegonga kwa makusudi akijua hakuna kitu, huyo ndiye atakayejibu. Na anayedhaniwa mwizi haguswi na mtu, anapelekwa kwa mgambo. Wiki hii kimekwisha gongwa mara mbili bure. Nimetoka mara zote mbili na ndoo.

Ubalozi nimeuacha. Wamemchagua mtu mwingine.

Mauwa kahamia kwa dada yake Msasani kwa muda. Alikuwa hajui habari ya matanga na mwenye nyumba mpaka aliponisikia mkutanoni. Hakunigombeza. Alikunja nguo zake.

Nilipokuwa naondoka Mbagala, Bi Mwanaheri aliniuliza, "Mama yake anaitwa nani?" Nikamwambia. Akasema nikuandikie haya, nami nayaandika kama alivyosema: "Mwambie Bernadeta, mwanawe alikuwa anakuja kwangu kila jioni. Nina maneno yake mengi, na mie ni mzee. Akitaka kuyasikia, aje kabla sijasahau."

Apolinari


Masasi, 22 Desemba 1974

Kaka Apolinari,

Barua yako imefika. Nilimsomea mama. Aliposikia habari ya Fransis alisema, "Huyo ana moyo." Kwako hakusema kitu. Yuko mzima, anakula kidogo.

Nimesema nikuandikie kabla ya sikukuu ili usikae unangoja.

Ukweli ni kwamba siku nyingine naamka nikiwa nimekuonea huruma. Nakuona umekaa kwenye nyumba ile mpya peke yako. Halafu namkumbuka yule mama kakaa njiani na vyombo vyake akisema utapita, na huruma inaondoka. Sijui ipi itakaa. Usinilazimishe.

Barabara ya Rufiji wanasema inapitika mpaka mvua kubwa. Nimeuza mbuzi mmoja kwa ajili ya safari. Nakuja Dar mwezi wa kwanza, nikimaliza kupalilia. Usije kunipokea. Nitafikia Mbagala kwa Bi Mwanaheri, nimekwisha mpelekea salamu kwa Gregori. Nataka nikae naye nisikie mwanangu alikuwa anasema nini jioni, alikuwa anacheka nini, kama alikuwa anakutaja, kama alikuwa ananitaja mie. Mwaka mzima mtoto wangu aliishi huko, na nilichonacho ni barua moja.

Kaburini nitakwenda na yule mama. Kama unataka kusafisha, safisha kabla hatujaja, halafu utuachie nafasi.

Kwako sijui kama nitafika. Mama ameniuliza hivyo hivyo, nikamjibu sijui. Nikiwa na uwezo wa kukaa na wewe chumba kimoja, nitakuja mwenyewe mpaka mlangoni. Nisipokuja, ujue nilijaribu nikashindwa, nikapanda basi nikarudi.

Bernadeta